Ukimuuliza, Hesabu Hadi Saba

"Mimi nimeota mvi nikimngoja huyu mtu anijibu," alikuwa anasema dada wa jirani yangu. Macho alikuwa ameyaelekeza kwangu, lakini maneno yalikuwa yanamwendea mdogo wake. "Nilipoingia humu ndani nilikuwa kigori, fundi, wewe shahidi. Meno nilikuwa nayo yote. Nimeuliza swali moja tu, na sasa naona wajukuu watakuja kunibeba kwa machela, jibu lenyewe bado liko njiani, linakuja kwa miguu."

Mimi shahidi nilijua kwamba tangu aingie hata dakika tatu hazijatimia, maana nilikuwa napinda suruali ya sare na bado nilikuwa kwenye mguu wa kwanza. Lakini kuna siku za kumsahihisha mtu, na kuna siku za kuinamisha kichwa ukaifuata sindano. Nikawa nakanyaga cherehani polepole isije ikamfunika sauti. Msinicheke. Chumba ni changu, ugomvi umeletwa kwangu, na mtu hawezi kuziba masikio huku mikono yote miwili imeshika kitambaa.

Ndugu yake alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ule ukuta wa plaiwudi unaotenga chumba changu na chake, begi begani, mkono mmoja umeshika ukingo wa ubao. Sasa ngoja nikwambie kwanza huyu ni mtu wa namna gani, maana ukimwona siku ile peke yake utasema ana jeuri, na jeuri hana hata ya kuazima.

Sisi tunamwita Saba. Ukimuuliza kitu, wewe hesabu: moja, mbili, mpaka saba, ndipo atafungua mdomo. Muulize kama atakunywa chai, saba. Mwambie jiko limeshika moto, saba, kisha atainuka kutafuta maji. Vijana wa gereji ya ng'ambo waliwahi kumpima kwa saa ya simu, wakawekeana soda. Wakamuuliza jina la baba yake, wakamuuliza mia tatu na kumi na saba mara kumi na tisa ni ngapi. Muda ni uleule. Aliyesema la hesabu litachelewa akanunua soda.

Mkewe alivumilia miaka sita. Siku anaondoka aliniambia mimi, pale pale mlangoni, masanduku yako nje: "Fundi, mimi niliolewa na mwangwi."

Nami siku moja nikamuuliza, mwenzangu, hii ni maradhi au ni makusudi? Nikahesabu. Ilipofika saba akasema ni mazoea ya kazi. Ukijibu rahisi haraka na gumu polepole, akasema, anayekusikiliza atajua lipi ni gumu, hata kama hukumwambia kitu. Nikamwambia kichwa kama hicho kinafaa kukaushwa juani.

Kazi yenyewe ni mbili. Ya kumlisha ni kutengeneza printa na kompyuta za shule na ofisi, na hiyo kila mtu anaijua, kwa sababu mikono yake ina wino kuliko ya karani wa kura. Ile ya pili ndiyo iliyotuletea maneno. Mimi shule nilitokea dirishani, kwa hiyo nitakueleza alivyonieleza yeye, kwa lugha ya mkasi.

Fundi akishakata suruali nyingi anajitengenezea karatasi ya kukatia, ile ya kulaza juu ya kitambaa ukafuata ukingo. Fundi mwenye akili huificha chini ya godoro. Saba yeye, miaka kumi na mitano iliyopita, alitengeneza karatasi ya namna hiyo ya kufungia siri za kompyuta, halafu akaibandika ukutani nje, dunia nzima ije kunakili. Bure. Wenyewe wanaiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja. Ukitengeneza programu ya duka, ya shule, ya hospitali, huna haja ya kubuni kufuli lako mwenyewe, unachukua lake. Wamechukua wengi, hata yeye hajui ni wangapi. Hawamwambii ahsante. Lakini suruali ikipasuka matakoni popote pale duniani, barua inakuja kwake: mbona karatasi yako mbovu?

Nilimuuliza nani anakusaidia. Akasema yuko mwenzake mmoja nchi ya mbali, hawajawahi kuonana, na huyo mwenzake ana miaka mitatu hajaandika. Labda kafa, labda kaoa. Basi yuko peke yake, nyuma ya plaiwudi yangu, na feni iliyopoteza bawa moja. Kila siku akimaliza printa anakaa kusoma marekebisho ambayo watu wasiojulikana wanamletea. Wengine hawajui kitu, wengine wanajua sana. Anasoma mstari kwa mstari, na akikubali anabonyeza, na kuanzia hapo mstari ule ni wake. Nilizoea kusikia pumzi yake ilivyo akisoma. Ni kama mtu anayetoa kokoto kwenye mchele.

Katika maktaba hiyo kuna kipande kimoja kidogo ambacho lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa kilichomkuta dada yake. Kipande hicho ni mlinzi. Kila anayeingia kwenye mafaili ana tiketi, na tiketi ina muhuri wa herufi nyingi, na mlinzi kazi yake ni kulinganisha muhuri ulioletwa na ule wa kweli. Sasa wewe na mimi tungemwambia mlinzi: ukiona herufi ya kwanza tu si yenyewe, fukuza, usipoteze muda. Hapo ndipo tungekosea. Kwa sababu mwizi anasimama pembeni na saa. Anajaribu muhuri unaoanza na herufi hii, anafukuzwa mara moja. Anajaribu ile nyingine, anafukuzwa mara moja. Anajaribu nyingine tena, anafukuzwa kwa kuchelewa kidogo, kidogo ambacho kope haijaanza hata kufumba, lakini mashine inakiona. Anajua: hii ya kwanza ni sahihi, mlinzi amesogea hadi ya pili. Anakwenda hivyo hivyo herufi kwa herufi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, mpaka anao muhuri wote mkononi na anaingia kwa jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo mlinzi wa Saba alikuwa mjinga wa makusudi. Hata kama herufi ya kwanza ni uongo mtupu, anasoma zote mpaka ya mwisho, ndipo anasema hapana. Muda uleule kwa mwongo na kwa mkweli. Juu ya kipande hicho Saba alikuwa ameandika ilani: Usiharakishe hapa.

Unaona sasa lile la kuhesabu hadi saba lilitoka wapi.

Dada yake ndiye aliyemlea. Amemzidi miaka kumi na mmoja, na mama yao alikuwa mtu wa kuugua, kwa hiyo ukimsikia anamwita "wewe mtoto" usishangae ukitazama upara wa huyo mtoto. Yeye ni karani wa mafaili katika zahanati moja ya kulipia, miaka kumi na tisa. Alikuwa, niseme. Mwanamke wa miwani mikubwa na kalamu tatu mfukoni, anayesoma tarehe kama mwingine anavyosoma nyuso. Na mdomo wake ni kaburi. Kinyozi wa pale kona alikuwa na ugonjwa wake wa kudumu, wa kumezea dawa kila siku, na huyu mama alilijua hilo miaka sita, na miaka yote sita aliwapeleka wanawe kunyolewa pale pale, akakaa kwenye benchi akasoma gazeti. Sisi hatukujua kitu.

Zahanati ilipoacha makabati ikaingia kwenye kompyuta, Saba alikwenda kumfundisha. Akamfungulia ile sehemu ya mwisho wanapoorodhesha vilivyotumika ndani ya programu, akamwonyesha jina la maktaba yake, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Dada alivimba kwa furaha. Akawaambia makarani, akawaambia wauguzi, akamwambia mpaka meneja: mdogo wangu yumo humu ndani. Weka akiba hilo neno, tutalihitaji.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mama yao akalazwa. Kuna mtu alikuwa amemletea Saba marekebisho makubwa, usafi wa maktaba nzima, faili arobaini. Mtu mwema, kwa maelezo yake, mwenye adabu. Alikuwa amengoja wiki tatu na ameandika mara tatu kuuliza imefikia wapi. Saba akawa anayasoma kwenye simu, amekaa kwenye benchi la wodini, dada yake upande wa pili wa kitanda na siku ya nne hajabadilisha nguo. Alikuwa amefika faili la thelathini na moja. Mchana, jua liko kwenye shuka. Mama akafumbua macho, akamwita jina lake la utotoni. Dada naye, kwa uchovu ule, akamwambia maneno ambayo yeyote kati yetu angesema: "Malizana basi na hiyo simu, mtoto. Mama anakuita."

Akabonyeza kubali. Akashika mkono wa mama. Mama akamuuliza kama amekula. Kufika jioni walikuwa wanatafuta sanda.

Faili tisa hakuzisoma. Katika faili la thelathini na nne, yule mtu mwema alikuwa amemkuta mlinzi anayesoma herufi hata baada ya kujua jibu, akaona huu ni upuuzi, akamfundisha kufukuza haraka. Na kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi na haina haja ya maelezo, akaifuta na ile ilani. Mimi fundi ningefanya vilevile, tena ningedai sifa.

Mwaka na nusu ukapita, hakuna aliyeona. Halafu mwaka huu, tarehe tatu mwezi wa tano, ikaja barua kutoka kwa mtu wa mbali ambaye kazi yake ni kutafuta matobo kabla ya wezi. Akamwonyesha tobo, akamwonyesha na namna ya kuingilia. Saba akalishona siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Mistari mitatu, na ile ilani akairudisha mahali pake. Nilimsikia akipumua ng'ambo ya plaiwudi, na nikasema kimoyomoyo, leo kokoto ni kubwa.

Lakini kulishona si kulitangaza. Wana desturi yao watu hawa, na wanaishika kama kiapo. Ukitangaza tobo kabla wenye programu hawajapata kiraka, umewapigia wezi mbiu. Kwa hiyo mnapatana siku, na mpaka siku hiyo mnafunga midomo. Wakapatana wiki sita. Ipo orodha ya makampuni makubwa yanayoambiwa mapema kimyakimya ili yajiandae. Yule jamaa aliyeiuzia zahanati programu yake hakuwa kwenye orodha. Anauza kwa watu wadogo, nani amjue? Yeye angesikia siku moja na dunia nzima.

Saba alijua. Ile sehemu ya herufi ndogo alimfungulia dada yake kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili zote alikuwa anakula kwa dada yake. Jumapili ya pili ya zile wiki sita, mezani, dada akawa anawaza kwa sauti kama likizo yake aichukue mwezi huu au aiweke mpaka mwisho wa mwaka, mjukuu atakapozaliwa. Hata kijiko hajakitua, Saba akasema: "Mwezi huu."

Nalijua hili kwa sababu kesho yake dada alinipitia akienda kazini, akanisimulia kama kichekesho. Fundi, jana Saba amekuwa Moja, mimi nimeogopa, nimedhani kapagawa. Tukacheka mpaka nikachoma kitambaa cha mtu na pasi. Mimi ndiye nilimwambia labda kapata mchumba, mwenye haraka ni mwenye mchumba.

Likizo aliiomba. Meneja akamwambia haiwezekani, kuna mafaili ya zamani yanahamishwa, bila yeye watapotea.

Tarehe tatu mwezi wa sita, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, mtu mwingine aliyelijua lile tobo akaingia kwenye mafaili ya zahanati. Akachota majina, simu na maradhi. Sijui alitaka nini, wengine wanasema alidai fidia akanyimwa. Ninachojua ni kwamba baada ya siku mbili orodha ilikuwa inapita simu hata simu. Nami nilitumiwa. Nikaifuta. Usiniulize nilisoma majina mangapi kabla ya kufuta.

Viti vya kinyozi vikawa vitupu. Watu hawakumtukana, afadhali wangemtukana. Walipita mbele ya duka lake wakiangalia ng'ambo, na nywele zimewashuka masikioni. Alikaa wiki moja akifuta kioo. Wiki ya pili nikamwona anakibeba kile kioo mgongoni, barabara nzima imo ndani yake, anakwenda nacho. Wapi, hakuaga.

Na kule kwenye kompyuta ya zahanati, ukifungua kitabu chake cha mahudhurio, kila faili lililochotwa lilikuwa limechotwa kwa jina moja. La karani wa mafaili. Mwizi alijitengenezea tiketi, na jina lenye funguo zote lilikuwa hilo. Wakamuuliza dada, umempa nani neno lako la siri? Akasema sijampa mtu. Wakauliza, si wewe uliyekuwa unajisifu mdogo wako yumo humu ndani? Kikulacho ki nguoni mwako, fundi wa nguo nakwambia. Alikaa kituoni siku mbili akihojiwa, akalala kwenye sakafu ya saruji na ile miwani yake ameishika mkononi isivunjwe. Tarehe nane wakamwachisha kazi. Alirudi na boksi moja, na juu ya boksi zile kalamu tatu.

Saba alikwenda kumpokea. Walitembea barabara nzima hawasemi kitu, na watu wakasema, tazama wanavyopendana.

Tarehe kumi na nne siku ikafika. Akatoa tangazo, kaliandika mwenyewe, Kizungu, kurasa mbili. Desturi yao inataka uweke tarehe zote: lini kosa liliingia, lini liliripotiwa, lini lilishonwa, lini limetangazwa. Angeweza kuzisogeza kidogo, nani angejua? Hakuzisogeza. Siku hiyo hiyo akaandika barua kwa meneja wa zahanati, akaeleza kwamba jina kwenye kitabu cha mahudhurio halithibitishi kitu, muhuri wowote ungeweza kughushiwa, dada yake hana hatia. Akasaini. Barua nzuri, alinisomea.

Meneja aliisoma mpaka kwenye saini. Akasema, sawa, kumbe aliyetengeneza kufuli ni ndugu wa mwenye ufunguo. Barua akaipeleka kituoni. Sasa faili la kesi lina majina mawili.

Ni mchana huo ndipo aliponieleza. Alikuja akakaa kwenye kibao cha wateja, akaanza bila kuulizwa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akanieleza la mlinzi, la wodini, la faili thelathini na nne. Nikamuuliza kwa nini hukumwambia dada yako tu, kwa siri, funga mtambo? Saba. Kisha akasema angemwambia, dada angebidi amwambie meneja, meneja angempigia aliyemuuzia, huyo angepigia wenzake, na kufika jioni dunia ingejua, na zahanati ziko nyingi, na dada za watu ni wengi. Hesabu yake ilikuwa sawa, nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na inatoka sawa kila mara, na hainipi usingizi.

Nikamuuliza, unajuta kubonyeza?

Akasema, "Nikijutia kile kidole, fundi, najutia mkono wa mama. Ningezisoma faili tisa, ningemkuta hasemi tena." Halafu akaniomba nisimwambie dada yake kuhusu wodini. Mimi, na mdomo huu wangu mnaoujua. Nikasema nimesikia.

Basi ndiyo hiyo siku niliyoanza nayo. Siku ya tano baada ya tangazo. Dada ameingia kwangu na ile karatasi, fotokopi ya kurasa mbili, imekunjwa mara nne. Kizungu chake si kingi, lakini tarehe hazina lugha, na kusoma tarehe ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Alikuwa amepiga mstari chini ya kila moja kwa kalamu nyekundu. Ndugu yake ndiyo alikuwa anatoka, ana printa ya kwenda kuitazama. Swali la kwanza, lile la kuotea mvi, lilikuwa: ulijua?

Alipomaliza utani wa machela na wajukuu, akaacha utani.

"Tarehe tatu mwezi wa tano umeambiwa," akasema. "Tarehe tatu mwezi wa sita wameingia. Mwezi mzima, Saba. Jumapili zote hizo umekula kwangu."

Mimi nimefika kwenye mguu wa pili, nashona na hakuna uzi kwenye sindano, sikugundua mpaka baadaye.

"Na usinidanganye, maana umeshanijibu. Siku ya likizo. Nimeishi na wewe miaka arobaini na nne, hujawahi kunijibu neno bila kunichosha kwanza, na siku ile hata hukuvuta pumzi. Nikacheka. Nikamsimulia na huyu fundi, tukacheka wote."

Nikainamisha kichwa zaidi. Bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu bwana aliyeulinda ulimi maisha yake yote ulimteleza mara moja tu, kwa neno moja, kwa upendo, na ndilo lililomfunga.

"Ndiyo, dada," akasema Saba, baada ya ile saba yake. "Nilijua."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nimebeba siri za mtaa mzima miaka kumi na tisa. Nani ana nini, nani kaambukizwa na nani, mtoto gani si wa nani. Nimelala nazo, nimeamka nazo. Wewe ukanitazama ukaona siwezi kubeba moja."

Kwa hilo hakuna hesabu inayotosha, na hakujaribu. Aliinamisha kichwa tu. Nikafikiri, haya, limekwisha, sasa watalia, nitawatilia chai. Nikaanza hata kuinuka kutafuta vikombe. Lakini dada alikuwa ameikunjua tena karatasi, ameigeuza, kidole kiko kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule wa juu ya yote, ambao nao ulikuwa na wino mwekundu.

"Hii nyingine," akasema, na sauti imeshuka. "Ya kosa kuingia. Ishirini na moja, mwezi wa kumi, mwaka juzi. Tarehe hii haina haja ya kuandikwa, imo humu." Akajigusa kifua. "Ulikuwa na mimi siku nzima. Hukutoka hata kwenda msalani. Ulikuwa na ile simu tu."

Saba alimtazama. Kisha akanitazama mimi, mara moja, na mimi nikatikisa kichwa kidogo, kumwambia sijasema, naapa sijasema.

"Nami nakumbuka nilikwambia kitu kuhusu hiyo simu," dada akasema. "Nilikwambia umalize." Akasogea hatua moja, karatasi mbele yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea. "Niambie, mdogo wangu. Ni mimi niliyekuharakisha?"

Nikahesabu. Si kwa utani, ni mazoea, sote mtaani tunahesabu. Moja, mbili. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ukingo wa ubao. Nne, tano. Alifumbua midomo kidogo. Saba ikafika, ikapita. Nane. Sijawahi kufika nane kwa mtu yule. Kumi na mbili. Dada hakupepesa. Kumi na tano nikapoteza hesabu, nikaanza upya, na nilipofika sita aliiachia ile plaiwudi, akaweka sawa mkanda wa begi, akapita kati yangu na dada yake bila kumgusa yeyote, akatoka.

Dada hakugeuka. Mimi ndiye niliyemtazama, kupitia mlangoni. Alivuka uwanja, akapita mbele ya gereji, vijana wakanyamaza, naye akaendelea na barabara, begi begani, mwendo wake uleule wa siku zote, si wa haraka wala si wa polepole.